Walipunguza Serikali Ipi?

Uliberali mamboleo, dola na mkulima wa Kieni

Kwa zaidi ya miaka arobaini Wakenya wamehubiriwa kwamba maradhi ya nchi yao ni ukubwa wa serikali, na kwamba dawa yake ni soko huria. Mahubiri hayo yametolewa na mawaziri wa kila utawala, yakarudiwa na wajumbe wa Benki ya Dunia na wa Shirika la Fedha la Kimataifa kila walipotua Nairobi, hata siku hizi yamekuwa kama sala: padri anasoma, waumini wanaitikia amina. Sisi tunaodai mageuzi hatuwezi kuitikia kabla hatujauliza swali moja. Serikali iliyopunguzwa ni ipi?

Swali hili si la vitabuni. Mwananchi wa Endarasha anaweza kulijibu akiwa amesimama sokoni, safu za Nyandarua zikiwa mgongoni mwake na Kirinyaga mbele yake. Na ahesabu mikono ya serikali iliyobaki na ile iliyokatwa. Chifu yupo. Askari wa utawala yupo. Mtoza ushuru yupo, na kabichi haiuzwi kabla yeye hajapata chake. Lakini yu wapi afisa wa kilimo aliyekuwa akizunguka mashambani? Yu wapi mhudumu wa serikali aliyepandisha ng'ombe kwa mbegu bora, kwa bei ambayo mwenye ng'ombe mmoja angeweza kuimudu? Majosho mangapi ya Kieni yamegeuka mashimo ya kukusanya maji ya mvua? Mkono unaochukua uliachwa mzima. Uliokatwa ni mkono unaotoa. Hiyo ndiyo hoja yetu, na yanayofuata ni ushahidi wake.

IMANI NA CHIMBUKO LAKE

Imani hii ina jina lake, nalo ni uliberali mamboleo. Wazee wake ni wanauchumi waliokutana Mont Pèlerin, nchini Uswisi, mwaka 1947, wakiongozwa na Friedrich Hayek, wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikijenga hospitali za umma na bima za wafanyakazi. Walifundisha kwamba bei za sokoni zina hekima kuliko baraza lolote la mawaziri, na kwamba serikali inayojitwika kazi ya kugawa riziki huishia kuwafunga watu minyororo. Kwa miaka mingi hawakusikilizwa. Walipopata hatimaye nchi ya kujaribia mafundisho yao, hawakuipata kwa kura. Nchi hiyo ilikuwa Chile, baada ya jeshi la Jenerali Pinochet kumpindua rais aliyechaguliwa na wananchi, Salvador Allende, Septemba 1973. Baadaye Margaret Thatcher akashika hatamu Uingereza mwaka 1979 na Ronald Reagan akaingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981, na maneno ya Mont Pèlerin yakawa masharti ya mikopo kwa ulimwengu mzima. Mwaka 1989 mwanauchumi John Williamson aliyapanga masharti hayo katika orodha ya mambo kumi, akayaita Makubaliano ya Washington. Wakulima wa dunia hawakuwemo katika makubaliano hayo.

Msomaji na aone jambo moja hapa. Wanaosema kwamba serikali ni adui wa soko walianza kazi yao kwa vifaru vya serikali. Wala hilo halikuwa ajali. Mwaka 1944 Karl Polanyi, msomi mzaliwa wa Vienna, alionyesha kwamba soko huria la Uingereza halikuota lenyewe kama magugu; lilipandwa na kupaliliwa na Bunge, sheria na polisi. Watu wa Nyeri hawahitaji kusafiri hadi Uingereza ili kulithibitisha. Soko la wafanyakazi katika nyanda hizi liliundwaje? Serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi. Ikatoza kodi ya nyumba ili kila mzee alazimike kutafuta fedha. Ikamvisha Mwafrika kipande shingoni kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa kwa ukali baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Baada ya hayo yote mlowezi akaambiwa kwamba soko la kazi liko huru, na kwamba kila mtu anaajiriwa kwa hiari yake.

Na Uhuru ulipokaribia, baada ya Dharura na vijiji vyake vya nyaya, ardhi ileile iliyotwaliwa iliuziwa wananchi kupitia mpango wa makazi wa ekari milioni moja, ulioanzishwa mwaka 1962 kwa mikopo ya Uingereza na ya Benki ya Dunia. Mjukuu wa aliyenyang'anywa akawa mdaiwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ukoo huu wa wakopeshaji tulijuana nao juzi. Deni lilitangulia bendera.

DAWA ILIVYOLETWA

Kenya ilipata mkopo wake wa kwanza wa kurekebisha uchumi kutoka kwa Benki ya Dunia mwaka 1980, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika. Wizara ya Fedha ilikuwa wakati huo mikononi mwa Mwai Kibaki, mwana wa Othaya. Tunalitaja hili kwa sababu katika miaka ya 1990 wengi walinena kana kwamba mambo haya yote yaliletwa na Daniel arap Moi peke yake, na kwamba ingetosha kumbadilisha dereva. Mwaka 1986 Waraka wa Bunge Nambari 1 uliifanya imani ile kuwa sera rasmi: serikali ijitoe katika bei, ijitoe katika biashara, na mwananchi achangie gharama za huduma.

Neno lenyewe lilichaguliwa kwa ustadi. Kuchangia! Mswahili husikia kuchangia akakumbuka harusi, matanga na Harambee. Lakini lililokuja halikuwa Harambee. Desemba 1989 wagonjwa walianza kutozwa ada: shilingi 20 katika hospitali za serikali na shilingi 10 katika vituo vya afya. Anayeona leo kwamba hizo zilikuwa fedha kidogo na akumbuke kibarua wa shambani mwenye watoto wanne wanaokohoa. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na wakati wa ada, nao wakachapisha hesabu yao katika jarida la Lancet mwaka 1992. Wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake hadi asilimia 65. Hiyo ndiyo miaka ambayo Ukimwi ulikuwa ukienea nchini kote. Serikali iliahirisha ada hizo Septemba 1990, kisha ikazirejesha hatua kwa hatua kuanzia mwaka 1992.

Ni rahisi kusema kwamba watu hawakuja kwa sababu hawakuwa wagonjwa sana. Lakini ushahidi upo wa kinyume chake, na sehemu yake umetoka hapa kwetu. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani katika mwaka uleule. Mahali walipokuwa siku iliyotangulia panajulikana: walikuwa nyumbani, malishoni na vibaruani. Na Desemba 2018 Nyeri ilipochaguliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kwa jaribio la afya kwa wote, ada zikafutwa katika hospitali za umma, wagonjwa walimiminika hata vitanda na dawa vikapungukiwa. Jaribio lilikuwa la muda tu, likapita. Lakini lilikwisha kutufunulia umati wa watu waliokuwa wakiumwa kimya kimya kwa ajili ya ada. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya ya jamii imeingia, na mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Mkono unaochukua, kama kawaida, haukuchelewa.

SOKO HURIA LA MARAFIKI

Tukitoka hospitalini twende kwenye maziwa, kwa kuwa Kieni ni nchi ya ng'ombe na kiwanda cha Kiganjo si mbali. Hadi mwaka 1992 KCC ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza maziwa ya kiwandani mijini. Kwa jina ilikuwa mali ya wakulima. Kwa kweli uongozi wake ulikuwa ukiamriwa kutoka juu. Mwaka 1992 bei na biashara ya maziwa zilifunguliwa. Kufungua peke yake hakukuwa dhambi. Dhambi ni kwamba mlango ulifunguliwa baada ya nyumba kukombwa. KCC ikashindwa kuwalipa wakulima, ikafilisika kabla ya miaka ya 1990 kwisha, na mwaka 2000 ikauzwa kwa kundi la watu waliokuwa karibu na wakuu wa utawala. Ilihitaji serikali nyingine, mwaka 2003, kuirudisha mikononi mwa umma. Mkulima aliyedai fedha za maziwa yake hakuulizwa lolote, wala wakati wa kuuza wala wakati wa kununua tena.

Kahawa nayo ina kisa chake. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo ulivunjika Julai 1989, na bei zikaanguka dunia nzima. Hilo halikutokana na Nairobi. Lakini lililofuata lilitokana nayo. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1997 iliondoa usimamizi wa serikali ghafla, bila ya kuwaandalia wanachama ulinzi wa kutosha. Katika Nyeri vyama vikubwa vikapasuka vipande vipande, viwanda vya kahawa vikapiganiwa kwa mapanga, damu ikamwagika. Kenya iliyotoa takriban tani 130,000 za kahawa katika msimu wa 1987/88 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hiyo miaka kumi na tano baadaye. Mwaka 2004 sheria ikarekebishwa ili usimamizi urudi. Serikali iliyoondoka kwa kukurupuka ilirudi kwa kuchechemea, na miti ilikuwa imeshang'olewa.

Kiwanda cha nguo cha Nanyuki, kilichojulikana kama Mountex, kilifungwa huku marobota ya mitumba yakijaa katika masoko ya Karatina na Nyaribo. Reli ya Nanyuki, inayopita Kiganjo na Naro Moru, ililala majanini kwa miaka mingi. Mwaka 2006 shirika la reli lilikabidhiwa kampuni ya kibinafsi kwa mkataba wa miaka 25, tukaahidiwa maajabu. Mkataba ulivunjwa mwaka 2017, na mwaka 2020 ni serikali, kwa mikono ya wanajeshi na vijana wa huduma ya taifa, iliyofyeka nyasi na kuitengeneza njia upya. Faida ilipotarajiwa, ilitarajiwa na wenye kampuni. Hasara ilipofika, ilifika kwetu sote.

Lakini mfano ulio mkuu kuliko yote ni Goldenberg, na tunamsihi msomaji autazame kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna siri ya mfumo wote. Wakopeshaji walitaka Kenya iuze bidhaa zaidi ng'ambo ili ipate fedha za kigeni. Ilikuwepo sheria ya kuwafidia wauzaji wa nje kwa asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg International ikapewa asilimia 35, pamoja na haki ya peke yake ya kuuza dhahabu na almasi, ilhali Kenya haina migodi ya almasi na dhahabu yake ni chache. Kati ya 1990 na 1993 fedha za umma zililipwa kwa mabilioni kwa ajili ya bidhaa ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwahi kuwepo. Tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire, iliyotoa ripoti yake mwaka 2006, ilifuatilia miamala ya takriban shilingi bilioni 158. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulipita asilimia 40, na mama wa Endarasha aliyekwenda dukani kununua mafuta ya kupikia na sukari aliilipa sehemu yake ya almasi ile.

Serikali iliyosema haina fedha za dawa ilikuwa na fedha za madini ya kuwaziwa. Je, hiyo ni serikali ndogo au kubwa? Swali lenyewe halifai. Ilikuwa serikali ndogo mbele ya mgonjwa, kubwa mbele ya tapeli, na kali mbele ya mwandamanaji. Uliberali mamboleo haukuiondoa dola uwanjani. Uliibadilishia bwana.

GARI MOJA, MIZIGO MIWILI

Sasa tufike mahali ambapo baadhi ya wenzetu katika harakati hizi hawapendi tufike. Mwishoni mwa Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris, wakaisimamisha misaada mipya. Siku chache baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu mwaka 1982, kilifutwa. Kutokana na hayo imezuka hadithi kwamba vyama vingi ni zawadi ya Paris, na kwa hiyo aliyetuletea demokrasia ana haki ya kutuletea na uchumi.

Hadithi hiyo ni matusi kwa waliolipa. Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini Julai 1990, siku chache kabla ya Saba Saba. Wananchi walipigwa risasi katika mitaa ya Nairobi na miji ya Mlima Kenya wakati wafadhili walikuwa bado wakitia saini hundi. Mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga na kulala Uhuru Park mwanzoni mwa mwaka 1992, na pamoja nao alikuwa Wangari Maathai, binti wa Tetu, aliyekwisha kulipinga mwaka 1989 jumba la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulijenga katika bustani hiyohiyo kwa mikopo ya kigeni. Mama hao hawakutumwa na benki yoyote.

Zaidi ya hayo, orodha ya Paris ilikuwa na mizigo miwili katika gari moja: mageuzi ya siasa na mageuzi ya soko. Upi uliokuwa na uzito machoni pa wakopeshaji? Mwaka 1993 Moi alilegeza udhibiti wa fedha za kigeni, akaondoa leseni za kuagiza bidhaa na kuifungua biashara ya mahindi. Novemba mwaka huohuo misaada ikarudishwa. Siku hizo maelfu ya waliofukuzwa Molo, Burnt Forest na Enoosupukia walikuwa bado wakilala chini ya karatasi za plastiki, na Sheria ya Mamlaka ya Machifu ilikuwa bado na meno yake yote. Haikupunguzwa makali hadi mwaka 1997, baada ya wananchi kumwaga damu tena barabarani. Soko lilipokuwa huru, ilionekana kwamba mtu anaweza kungoja.

Tangu siku hiyo mageuzi yetu yamekuwa na kilema. Tulipata haki ya kumchagua dereva, tukanyimwa haki ya kuuliza gari linaelekea wapi. Vyama vimekuwa vingi. Sera ya uchumi imebaki moja. Hesabu mwenyewe serikali zilizopita tangu mwaka 1992, na vyama vilivyoungana, kutengana na kubadilisha majina. Kisha uniambie ni mwaka gani mpiga kura wa Kieni aliwekewa mezani njia mbili tofauti za uchumi ili achague moja.

WANAOTUPINGA WANASEMAJE

Wapo wanaosema: ninyi mnaililia serikali ya zamani, ile ya mabodi yaliyomwibia mkulima na vibali vya kusafirisha gunia la mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine. Hatuililii. Vizuizi vya mahindi vilikuwa mgodi wa hongo kwa polisi, na kuondolewa kwake kulikuwa haki. Bodi iliyochelewesha malipo ya mkulima mwaka mzima haikuwa mama wa mtu. Wapinzani wetu wana haki katika hilo, nasi twawapa haki yao bila kinyongo.

Lakini mtu akiwa na mlinzi mwizi, haondoi mlinzi akaacha na mlango wazi. Hutafuta mlinzi mwaminifu na kumwekea wa kumkagua. Kilichokuwa kibaya katika KCC na katika mabodi hakikuwa umma. Kilikuwa ukosefu wa umma: wakulima hawakuwachagua wakurugenzi, hawakuona hesabu, hawakuweza kumshtaki mkubwa. Dawa ya ugonjwa huo ni demokrasia ndani ya mashirika. Tukapewa mnada.

Wengine wanasema hakuna njia nyingine, dunia imekuwa kijiji. Ni kweli dunia imekuwa kijiji, lakini kila kijiji kina mwenye posho na mwenye shamba. Tazama kiazi, ambacho ndicho dhahabu ya Endarasha. Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi. Haikuwa kwa sababu viazi viliadimika Kieni au Nyandarua; ilikuwa kwa sababu chipsi zake zilitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Wakenya walipouliza kwa nini hawanunui viazi vya hapa, jibu lilikuwa kwamba wauzaji lazima kwanza wapitie utaratibu wa kimataifa wa kuhakikisha ubora. Basi nani angemsaidia mkulima kufikia ubora huo? Afisa wa ugani, aliyepunguzwa. Mbegu safi zilizothibitishwa, ambazo ni haba. Ghala la baridi, ambalo halikujengwa. Utandawazi ulimtaka mkulima awe na viwango vya dunia katika miaka ileile aliyonyang'anywa kila ngazi ya kupandia.

Na sokoni humuhumu, ambako tunaambiwa bei inajua yote, dalali angali ananunua kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, ingawa kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Hapa soko halihitaji serikali ipungue. Linahitaji mtu mmoja mwenye mizani na mamlaka ya kuitumia. Serikali inayoweza kumtafuta kijana aliyeandika maneno makali kwa simu inashindwaje kuliona gunia lenye ukubwa wa mtu? Haishindwi. Haikutumwa.

Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa ya Danone ilinunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa ya familia ya Rais aliyekuwa madarakani. Hatusemi kwamba kuna sheria iliyovunjwa. Tunasema kwamba katika nchi ambamo shirika la wakulima lilianguka na kampuni ya familia ya mtawala ikasimama, hadi ikaoana na jitu la Paris, mtu asituimbie habari za mashindano huru. Kikulacho ki nguoni mwako.

DENI NA SAUTI YA VIJANA

Mwaka 2014 Kenya ilikwenda kukopa katika masoko ya dunia kwa dhamana za dola. Februari 2024 ilikopa tena dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipia ule mkopo wa kwanza. Kufikia mwaka 2025 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema. Lakini wazee hao walizungumza na mtu aliyekopa mwenyewe, akala mwenyewe. Huyu wa kwetu analipa asichokila, kwa mkataba asiousoma.

Mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotiwa saini Aprili 2021, ulidai kodi ziongezwe. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya magari ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila gunia la viazi linaloteremka Nyeri likaibeba. Mwaka 2024 ulipoletwa mswada mwingine wa fedha, vijana walisimama, Nyeri na Nanyuki zikiwemo. Tarehe 25 Juni 2024 waliingia Bungeni. Wengi wao waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada. Vijana hao hawakuwa na chama, wala kiongozi, wala kabila. Walikuwa na mswada mkononi, wameusoma kifungu kwa kifungu. Walifanya kile ambacho vyama vyetu vilishindwa kufanya kwa miaka thelathini: walilitoa suala la uchumi katika chumba cha wataalamu wakalileta katika uwanja wa siasa.

Na wakati huohuo ulijidhihirisha ule mkono mwingine. Mwaka huohuo wa 2024 iligunduliwa kwamba mbolea mbovu ilikuwa imesambazwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe. Hata pale dola inaporudi shambani, hurudi ikiwa imeshikana mikono na mfanyabiashara, na mkulima hupata mchanga. Kwa sababu hiyo hatudai serikali kubwa tu. Serikali kubwa isiyodhibitiwa na wananchi ni bwana mkubwa zaidi.

TUNADAI NINI

Katiba ya mwaka 2010 tunayo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, chakula, maji safi na elimu. Kifungu cha 201 kinaamuru uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa umma katika mambo yote ya fedha, na kwamba mzigo wa deni ugawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na vijavyo. Maneno hayo hayakuandikwa na wakopeshaji. Yalipigiwa kura na wananchi. Kwa msingi huo tunadai:

Kwanza, kila mkataba wa mkopo wa nje, pamoja na masharti yake yote, uchapishwe kwa Kiswahili na kujadiliwa Bungeni kabla ya kutiwa saini, wala si baada ya fedha kuliwa.

Pili, mali ya umma isiuzwe kwa kuharakishwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya ubinafsishaji ya mwaka 2023 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 ikatiwa saini nyingine. Kusikilizwa kwa wananchi kufanyike katika kata, kwa lugha wanayoielewa, na hesabu za shirika linalouzwa zibandikwe ukutani.

Tatu, matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya yatolewe bila ada, na dawa ziwepo. Tumejaribu Nyeri, tunajua kwamba watu watakuja.

Nne, serikali ya kaunti irudishe afisa wa ugani na mhudumu wa mifugo kabla ya kununua gari lingine la mkubwa, na iweke mizani ya umma katika kila soko la viazi.

Tano, kila chama kinachoomba kura katika uchaguzi mkuu kitaje kwa maandishi ni nani kitakayemtoza, ni nani kitakayemhudumia, na ni sharti gani la mkopeshaji kitakalolikataa. Chama kisichoweza kulitaja hata moja kisituombe kura kwa jina la mageuzi.

Ndugu wananchi, mwaka 1991 tulikataa kuambiwa kwamba chama ni kimoja na mawazo ni mamoja. Hakuna sababu ya kukubali leo kwamba uchumi ni mmoja. Barua hii isomwe ikimalizika apewe jirani, na baraza lijalo mtu asimame amuulize mbunge wake na mwakilishi wake wa wadi swali lile la mwanzo, amkazie macho hadi ajibu: mlipunguza serikali ipi?